Tano ya Ujasiri

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mahudhurio ya darasa, mwaka niliostaafu, na halikuwahi kuandikwa jina hata moja. Leo nimelipatia kazi. Nitaandika humu mambo ya msimu huu wa karafuu, kwa sababu msimu ukiisha nitakuwa nimejua kama mimi ni mwandishi au ni mwalimu mstaafu mwenye rundo la karatasi.

Barua ya mchapishaji imefika. Hadithi yangu ya kisiwa kilichoibiwa vivuli, ambayo imenichukua miaka kumi na mmoja, imerudishwa. Mhariri anasifu lugha. Anasema hakuona kosa hata moja, na hilo halikunishangaza. Kisha anaandika: "Tatizo ni watu. Malkia Nuruani, askari wake, wazee wa mji, hata zimwi, wote wanasema kama mtu mmoja, na mtu huyo hakosei kamwe. Ukituletea mswada mpya kabla ya tarehe 30 Novemba tutausoma. Baada ya hapo orodha yetu itakuwa imefungwa."

Nina miaka sitini na tisa. Sina miaka mingine kumi na mmoja ya kuchezea.

Jumapili, 8 Septemba

Jua kali. Wifi yangu Moza ameanika karafuu za mwanzo. Nimesoma upya sura ya kwanza. Sijaona tatizo.

Jumanne, 10 Septemba

Nimesoma sura ya pili. Sijaona tatizo.

Jumamosi, 14 Septemba

Shadya amekuja kutoka Madungu, alikopanga chumba karibu na duka la dawa anakofanya kazi. Ni mtoto wa Moza na marehemu kaka yangu Talib, na kila Jumamosi ya msimu huja Gando kumsaidia mama yake kuchambua. Nyumba yao na yangu zinatazamana. Katikati ni uwanja wa majamvi. Mchumaji huleta magunia ya vishada, na wachambuaji hukaa chini kutenga karafuu na makonyo yake, vijiti vinavyozishika. Mimi sichambui. Niliondolewa nyumbani nikiwa mdogo kwenda kusoma Unguja, na niliporudi nilirudi na chaki. Hukaa nao juu ya kiti, na kalamu mkononi.

Nimemsomea Shadya barua ya mhariri. Amesema dawa ipo. Chuoni alikuwa akicheza na wenzake mchezo ambao kila mchezaji hubuni mtu, humwandikia karatasi yake, kisha humtia katika hadithi inayosimamiwa na mmoja wao. Karatasi ina mambo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, ujasiri na mvuto. Kila jambo hupewa namba isiyozidi ishirini, na namba hiyo hupatikana kwa kurusha dadu. Chini yake huandikwa kasoro moja, na kitu kimoja ambacho mtu huyo anakitaka kuliko vyote. Baadaye, akitaka kufanya jambo gumu, kama kuruka shimo au kumhadaa mlinzi, mchezaji hurusha tena. Namba iliyotoka ikizidi ile ya kwenye karatasi, ameshindwa.

"Wako waandishi wanaoanzia hapo, shangazi," alisema. "Dadu haimpendelei malkia."

Akatoa mkobani dadu yenye nyuso ishirini, rangi ya samli. Nikamwambia airudishe ilikotoka. Dadu haziingii katika uwanja huu, wala sitaki kusikia msikitini kwamba Mwalimu Asma amezeeka akaingia kamari. Shadya akasema hakuna anayeweka kitu wala anayekula cha mwenziwe. Nikasema hata hivyo.

Moza hakuinua kichwa. Ninayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, ingawa kalamu inasita. "Dadu ya nini, na siye tumekalia vishada? Tia mkono kikapuni, toa kimoja, hesabu karafuu zake. Kina tatu, ni tatu. Kina kumi na nane, ni kumi na nane. Kikizidi ishirini, rejesha."

Kikapu kikafunikwa kanga ili mtu asione ndani. Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata.

Jumapili, 15 Septemba

Tumeunda watu. Jabir, mchumaji wa Moza, alileta gunia akakaribishwa naye akae. Jabir ana mabega kama mlango na hupanda mikarafuu ambayo wenzake huitazama tu kwa chini. Nilitarajia abuni shujaa mwenye upanga. Amebuni mpiga zumari mwembamba aitwaye Kibwena, ambaye huogopa hata ngazi ya darini. Alivuta ishirini ya mvuto akajishika kifua kwa furaha.

Moza amebuni muuza chumvi aitwaye Chapwa. Amevuta nguvu tatu, wepesi nne, akili saba. Namba yake kubwa ni ustahimilivu, kumi na tisa. Kasoro yake: hawezi kunyamaza. Anachokitaka kuliko vyote: siku moja mtu amwulize yeye amekula nini. Nilimpa pole kwa bahati mbaya kama ile. Alisema ndiyo riziki yake.

Ikafika zamu ya Malkia Nuruani. Moza alinishikia kikapu. Nguvu kumi na nne, akili kumi na nane, mvuto kumi na sita. Nilianza kuuona mchezo huu kuwa na adabu. Kisha ujasiri: tano.

Nilidai nivute tena. Nikaeleza kwamba malkia huyu, katika sura ya tisa, anaingia peke yake katika pango la zimwi Ghubari aliyewaibia watu vivuli vyao, na kwamba sura hiyo nimeiandika mara kumi na nne. Shadya akakataa. Jabir akanishauri kwa upole kwamba hata waoga huzaliwa kwenye majumba ya wafalme.

"Tano nayo namba, wifi," akasema Moza.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua ya ghafla baada ya adhuhuri. Wameanua.

Jumamosi, 21 Septemba

Mchezo wa kwanza. Msimamizi ni Shadya. Malkia wangu alisimama kuwaamuru walinzi wa lango wafungue. Nikavuta, nikapata kumi na mbili, ambayo ni zaidi ya tano. Ikawa Malkia Nuruani, binti wa wafalme saba, amejificha nyuma ya punda wa muuza chumvi. Jabir alicheka hadi akakohoa. Chapwa akamfunika malkia kwa gunia na kuwaambia walinzi kwamba huyu ni shangazi yake, ana harara, asiguswe.

Nimerudi nyumbani na hasira, nikaiandika habari hiyo kama ilivyotokea ili iwe ushahidi.

Jumapili, 22 Septemba

Nimeusoma ushahidi asubuhi. Nimecheka peke yangu, na uji umeungua.

Jumatano, 25 Septemba

Kurasa tisa. Jua zuri.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua, wameanua. Kisha jua, wameanika. Kisha mvua. Katikati ya hayo Kibwena alipaswa kupanda mnara na akazimia kwenye ngazi ya pili. Jabir aliigiza kuzimia kwake vizuri sana, juu ya makonyo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Lazima niandike yote ya leo.

Tumefika kwenye pango la Ghubari. Mpango ulikuwa wangu: Kibwena apige zumari, zimwi lilale, malkia aingie achukue vivuli vilivyokunjwa kwenye majaba, mapipa ya zimwi. Jabir akavuta kwa ajili ya zumari, ambayo Shadya aliihesabu kwa wepesi wa vidole, akashindwa kwa moja. Nikavuta kwa ajili ya malkia kuingia, nikapata kumi na saba. Nuruani akabaki nje ya mlango wa pango. Nilikunja daftari. Hadithi yangu imefia mlangoni, nikasema, na mhariri atafurahi.

Moza akajifuta mikono, akaweka kikapu pembeni, akajitengeza kanga kichwani kama anayekwenda nyumba ya watu.

"Hodi," akasema.

Shadya akaitikia kwa sauti nzito ya zimwi, akiuliza nani huyo.

"Ni miye, muuza chumvi. Hujambo? U hali gani? Wazima wote humo ndani?"

Shadya akaweka kishada chini. Akasema, bado kwa sauti ile ile, kwamba humo ndani hamna wote, yumo peke yake.

"Peke yako? Basi pole. Na hii baridi ya mawe, kifua hakikusumbui? Usiku walala? Chakula nani akupikia?"

Aliendelea hivyo, na nikimtazama Shadya niliona kabisa zimwi likipungua ukubwa. Tangu lizaliwe halijawahi kuulizwa hali. Likajibu la kifua, likajibu la usingizi, na mwishowe, kwa mazoea ya mtu yeyote aliyelelewa kisiwani, Shadya akasema, "Karibu."

Moza akageuka kututazama. "Mmesikia? Kashasema karibu. Mgeni haliwi."

Shadya akafunua kitabu chake cha kanuni za mchezo, akapekua mbele na nyuma, akakifunga. Akasema kitabu hakina kanuni ya jambo hilo.

"Kitabu hicho," akasema Moza, "kaandika mtu asiyekuwa na jirani."

Sikungoja kikombe cha pili cha chai. Niliingia nyumbani kwangu nikaandika hadi adhana ya magharibi: sura nzima bila kufuta neno, na kila mtu ndani yake ana sauti yake. Moza amekaa mbele ya nyumba yangu miaka thelathini na minane. Katika miaka hiyo nimemsahihisha matamshi mara nyingi kuliko nilivyomsikiliza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kurasa kumi na nne. Nimempelekea Moza mkate wa ajemi. Aliuliza kama kuna aliyefariki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua kutwa. Majamvi yamekunjwa, karafuu zimejaa sebuleni kwa Moza, na nyumba yangu yote inanukia. Tumecheza barazani. Ghubari ana urafiki na Chapwa sasa na anaomba ushauri kuhusu kifua chake. Malkia bado yuko nje ya pango.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jua. Kurasa ishirini na mbili kwa wiki. Nimeanza kuamini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mchezo umekwisha, na si kwa njia niliyoitaka.

Bi Shamima wa nyumba ya tatu alipita njiani, na Moza akageuza uso kumwamkia, mkono wake ukiwa kikapuni chini ya kanga, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Shadya akamwuliza amepata ngapi. "Nne," akasema Moza, huku akiendelea kumwuliza Bi Shamima habari za mguu wake. Mkono ulikuwa bado umo ndani. Akautoa. Kishada kilikuwa na karafuu nne.

Nikamwambia atoe kumi na tano. Akaniangalia, akatia mkono, akatoa. Nikazihesabu mara mbili. Kumi na tano.

Nikamtazama Jabir. Jabir alitazama vidole vya miguu yake.

"Na ile ishirini ya mvuto?" nikamwuliza.

"Mwalimu," akasema, "mtu anayeshinda juu ya mkarafuu tangu alfajiri, ishirini ataikosaje?"

Kumbe wote walijua. Anayechambua tangu utotoni hahitaji macho. Kishada kikigusa kiganja, vidole vimeshahesabu. Moza alijichagulia nguvu tatu na akili saba kwa makusudi, na kila aliposhindwa alishindwa kwa hiari yake. Katika uwanja mzima, niliyecheza kwa bahati nilikuwa mimi peke yangu. Wala hiyo nayo haikuwa bahati, kwa kuwa Moza, alipoona nimeshajua, alimalizia yote.

"Na ile tano ya Nuruani n'likutilia miye mkononi, chini ya kanga."

Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na saba. Nikawaambia kwamba mtihani ambao majibu yake yanajulikana si mtihani, na kwamba sura zote zilizotokana nao nitaziandika upya. Nikavuka uwanja. Shadya alinifuata hadi mlangoni na kitabu chake, akinionyesha ukurasa unaosema mchezaji anaweza kugawa namba mwenyewe badala ya kurusha dadu. Nikamjibu kwamba sisi hatukukubaliana hivyo.

Jumapili, 27 Oktoba

Jua.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimempa Nuruani ujasiri wa kumi na tisa, kwa kalamu yangu mwenyewe. Ameingia pangoni peke yake. Amezungumza na zimwi kurasa sita. Zimwi linasema kama mimi.

Jumamosi, 2 Novemba

Kutoka dirishani nawaona wanachambua. Hawachezi. Kiti changu wamekiacha mahali pake.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwondoa Chapwa katika sura ya tatu. Sura ya tatu imebaki kurasa mbili.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Siku ishirini na mbili zimebaki.

Jumanne, 12 Novemba

Asubuhi nimeweka sura zote mbili za pango mezani, ile ya Oktoba na ile ya sasa, nikazisahihisha kama kazi za wanafunzi wawili nisiowajua. Ile ya sasa nimeipa alama thelathini na nane kwa mia, na nilikuwa mkarimu.

Baada ya alasiri nimevuka uwanja. Moza alikuwa peke yake na gunia. Sentensi ya kuanzia sikuwa nimeipata. Nilikipita kiti changu, nikakaa jamvini, nikavuta vishada mbele yangu, nikaanza kuchambua. Nilikuwa mbaya sana katika kazi hiyo. Karafuu zangu zilitoka na vipande vya makonyo, na Moza alizirudia kimya kimya, moja moja, kama mimi ninavyorudia insha.

Gunia lilifika nusu. Ndipo nikamwuliza kwa nini tano.

Akatupa konyo pembeni. "Siku aliyokufa Talib," akasema, "wanawake wote waliingia chumbani kumuaga. Weye hukuingia. N'likuona mlangoni, umeinama, wapanga viatu vya watu, kila kimoja na mwenziwe, ncha zimetazama nje. Wapanga, wakija wengine wapanga tena. Sikukasirika, wifi. N'lisema moyoni, huyu ndiye mtu wa kuhadithiwa, kuliko huyo malkia wake asiyeogopa kitu."

Sikujua kama kuna aliyeniona siku ile. Miaka tisa nimedhani nilikuwa nikisaidia.

Nilikuwa nimeshika kishada. Nikakipapasa bila kukitazama, kwa kuwa macho yangu hayakuwa yakiona vizuri, nikasema, "Saba."

Moza akakichukua, akakigusa tu. "Tisa. Bado mwanafunzi."

Nikamwomba kesho alete kikapu na kanga. Akauliza kama ni kwa bahati au kwa vidole. Nikasema kwa vidole, na kwamba mimi nami nijifunze.

Jumamosi, 16 Novemba

Jabir amerudi jamvini na Kibwena wake. Amenisalimia kwa heshima nyingi mno, kisha akaniuliza kama malkia bado anajificha nyuma ya punda au punda amechoka. Nimemwambia punda anasubiri aliyezimia kwenye ngazi ashushwe kwanza.

Nuruani hataingia pangoni. Nimeamua hivyo, na hii ndiyo sura ya tisa, mara ya kumi na saba: Chapwa yuko ndani na zimwi, watu wa mji wanaingia mmoja mmoja kudai vivuli vyao, na malkia yuko mlangoni, anapanga viatu. Viatu vya wavuvi, vya wake zao, vya watoto. Kila atokaye anavikuta vyake tayari, ncha zimetazama nje. Mwisho vinabaki viatu vya Chapwa peke yake, na malkia anaona vimetoboka. Ndipo anapoita kwa sauti kutoka mlangoni, sauti inayotetemeka, akimwuliza Chapwa amekula nini leo.

Shadya, ambaye ni msimamizi, alisema hapa hapahitaji kuvutwa kitu.

Jumanne, 19 Novemba

Kurasa thelathini.

Jumamosi, 23 Novemba

Shadya anachapa kwenye kompyuta, mimi namsomea. Mvua imenyesha, na sote tumeanua, hata mimi. Nimeanguka nikiwa na ncha moja ya jamvi. Moza alianua karafuu kwanza, akaniinua baadaye.

Ijumaa, 29 Novemba

Mswada umetumwa leo saa nne asubuhi. Nilitaka kuweka jina la Moza karibu na langu. Alikataa katakata. Alisema jina lake watu wa Gando wanalijua na hao wengine wana yao ya kufanya. "Weye andika tu kwamba Chapwa kala," alisema. Imeandikwa. Ndiyo sentensi ya mwisho ya kitabu.

Jumamosi, 14 Desemba

Vishada vinapungua. Leo nimepapasa nikapatia mara sita katika kumi. Moza anasema nimevuka darasa la kwanza.

Alhamisi, 9 Januari 2025

Jabir ameshusha gunia la mwisho. Jibu bado.

Jumapili, 12 Januari

Kila mwaka msimu ukimalizika, Moza humsomea Talib hitma. Wanawake wa mtaa hujaa sebuleni na katika chumba kile alimoagwa, na mimi, kila mwaka, nimeisikiliza kutoka barazani, nikidai kwamba ndani kuna joto.

Leo, nikiwa najitayarisha, Shadya alikuja mbio na simu mkononi. Mhariri ameandika mistari mitano. Wanakichapa. Anasema walipofika kwenye mlango wa pango, kwenye viatu, msomaji wao wa pili alitoka nje ya ofisi akakaa kidogo ngazini. Anauliza nilimpata wapi malkia yule.

Nilivuka uwanja kumpelekea Moza habari. Alikuwa kule ndani kabisa, chumbani, na kisomo kilikuwa hakijaanza. Mlangoni viatu vilikuwa vimetapakaa: ndara, makubadhi, vya watoto juu ya vya wakubwa, kimoja cha Bi Shamima kimelala chali mbali na mwenziwe.

Nikavua vyangu, nikaviacha vilipoangukia, nikaingia.